SAFARI YA AMU: MWALIMU ALIYEONGOZA KWA MWENENDO WAKE



Ndugu wasomaji, liko swali ambalo wazazi wanaotuletea watoto chuoni hawachoki kutuuliza. Husema: Mwalimu, kijana huyu amekaa mbele yako miaka sita, amehitimu, anasoma kwa tajwidi, anajua nguzo za sala na vitenguzi vya udhu, mbona akivuka kizingiti cha chuo huwa kama mtu ambaye hakufundishwa neno? Wengine huzilaumu zama, wengine huzilaumu simu wanazozishika vijana, na wengine, kwa adabu au bila adabu, hutulaumu sisi walimu. Hatukusudii kulijibu swali hili kwa hoja nyingi. Twapenda kuwachukua wasomaji wetu safarini mpaka mji wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, kwani yuko mtu aliyeishi pale ambaye khabari zake zinalijibu swali hilo vizuri kuliko tunavyoweza sisi.

NJIANI

Tulikuwa watu watano, sote walimu wa vyuo, na tulichagua kwa makusudi tusiende wakati wa Maulidi. Kila mtu wa pwani anajua kwamba katika siku za mwisho za Mfunguo Sita, yaani mwezi wa Rabiul-Awwal, mji wa Amu hufurika wageni kutoka Kenya yote, Tanzania bara na visiwani, na nchi nyingine. Siku hizo mji huwa umevaa nguo zake za sikukuu. Sisi tulitaka kuuona katika nguo zake za kila siku, kwa sababu tabia ya mtu haijulikani siku ya arusi, bali hujulikana siku ambayo hapana anayemtazama.

Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri. Tukapita Kilifi na Malindi, tukavuka Mto Tana huko Garsen, kisha tukaingia katika nchi ya Witu, mahali alipoweka makao yake Sultani Ahmad Simba wa ukoo wa Nabahani alipohama visiwani katika karne ya 19. Barabara hii, ambayo zamani ilikuwa mchanga na matope, sasa ina lami. Lakini vizuizi vya askari ni vingi, na abiria huteremka mara kwa mara kuonyesha vitambulisho vyao. Mchana tukafika Mokowe, ambako bara hukoma na msafiri hana budi kupanda chombo.

Hapo gatini tuliona jambo dogo ambalo twapenda kulisimulia. Nahodha wa boti tuliyoipanda alikuwa kijana ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zinaota. Makoti ya kuelea yalikuwa yamerundikwa chini ya mabenchi, na baadhi ya abiria walikuwa wameyakalia kama mito. Msaidizi wake alipiga kelele mara mbili kwamba watu wayavae, na hapana aliyemsikia. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake, au simu yake, au mazungumzo yake. Yule nahodha hakusema kitu. Alichukua koti moja, akalivaa, akazifunga kamba zake zote tatu, akaketi penye usukani, wala hakuitia moto mashini. Bahari ilikuwa shwari na safari ni fupi, na yeye bila shaka anaogelea kuliko sisi sote. Mzee mmoja akamtazama, kisha akanyoosha mkono akalitoa koti chini ya benchi. Mkewe akafuata. Haukupita muda ila boti nzima ilikuwa imevaa, hata wale waliokuwa wakiyakalia. Ndipo mashini ikawashwa.

Mmoja wa wenzetu akasema, "Hii ndiyo Hudaibiya." Tutalirejea neno lake hilo mbele, inshaallah.

MJI WENYEWE

Amu ni mji wa zamani sana. Kuna msikiti uitwao Msikiti wa Pwani ambao asili yake yasemekana ni ya mwaka 1370. Majumba yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake ni za boriti, milango yake imenakshiwa, na ndani mna vidaka vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu. Njia ni nyembamba, na penye njia nyingi watu wawili hawapishani na punda mwenye mzigo ila kwa kuegemea ukuta. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika mji huu katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Penye uwanja wa Mkunguni iko ngome iliyojengwa katika miaka ya 1813 hadi 1821. Ngome hiyo ilikuja kutumiwa kama jela hadi mwaka 1984, na leo ni makumbusho na maktaba. Tulifurahi kuona vijana wakisoma vitabu pahala ambapo zamani watu walifungwa.

Lakini jambo kubwa analopaswa mgeni kulijua juu ya Amu halionekani kwa macho mara moja. Mji huu una pande mbili. Upande wa kaskazini ni Mkomani, na upande wa kusini ni Langoni. Katika karne ya 19 Mkomani palikuwa ndipo penye majumba makubwa ya mawe ya waungwana, watu wenye mashamba upande wa bara na wenye watumwa wa kuyalima. Langoni palikuwa pa nyumba za udongo na makuti. Huko walikaa wageni, maskini, mabaharia, wachukuzi, na watumwa au wale waliopata kuwa huru. Kutoka upande mmoja kwenda wa pili ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Hata hivyo, kwa mambo ya dunia ilikuwa kama safari ya kuvuka bahari. Na jambo la kusikitisha ni kwamba hata kwa mambo ya dini ilikuwa hivyo. Elimu ya ndani, yaani tafsiri, fiqhi na nahau, ilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya nyumba za mawe, ikirithiwa kama shamba linavyorithiwa. Mtumwa alifundishwa kiasi kidogo, na ilidhaniwa kwamba kiasi hicho chamtosha.

Tusidhani kwamba wale walikuwa watu wabaya kuliko sisi. Walisali, walitoa sadaka, walijenga misikiti, na wengine wao walikuwa wanazuoni wakubwa na washairi wa kutajwa. Nchi hii ya Amu na Pate ndiyo nchi ya Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye mnamo mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi ambao hata leo unasomwa na wanawake wa pwani. Basi si kwamba maneno mema yalikosekana. Yalikuwapo, na yalikuwa mazuri mno. Kila Ijumaa khatibu aliwakumbusha watu kwamba wote ni wana wa Adamu na kwamba ubora uko katika ucha Mungu. Watu walisikiliza, wakaitikia amin, wakatoka, na Mkomani ikabaki Mkomani na Langoni ikabaki Langoni.

MGENI KUTOKA NGAZIJA

Katika hali hiyo alifika Amu kijana mmoja kutoka Ngazija, katika visiwa vya Komoro, aitwaye Swaleh bin Alwi, wa ukoo wa Jamalillail, ukoo wa masharifu ambao asili yao ni Hadhramaut. Alizaliwa katikati ya karne ya 19, na alikuwa na jamaa zake Amu. Akasoma kwa wanazuoni wa mji, akapata elimu, akawa ni mtu anayestahiki kuketi mbele ya watu. Kwa nasaba yake alikuwa na haki ya kukaa juu. Milango ya Mkomani ilikuwa wazi kwake, kwani watu wa Amu waliwaheshimu masharifu, na wanawaheshimu hata leo.

Yeye alikwenda kukaa Langoni.

Twaomba wasomaji wasilipite neno hili upesi. Mtu mwenye nasaba, mwenye elimu, ambaye angeweza kuishi kwa heshima miongoni mwa wakubwa, alihama kwa hiari yake akakaa katikati ya nyumba za makuti. Akawafundisha Qur'ani na dini watu ambao hapana aliyekuwa akiwafundisha. Miongoni mwao walikuwamo watumwa, na haya yalianza wakati utumwa ulikuwa bado halali katika sheria ya nchi. Kwani ijapokuwa biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haukufutwa hadi mwaka 1907. Aliingia katika nyumba za wanyonge, akawatibu wagonjwa wao kwa dawa za miti, maana alikuwa na ujuzi wa uganga wa dawa, na akakaa nao kama jirani anavyokaa na jirani.

Si watu wote waliofurahi. Wengine waliona amevunja mpaka uliowekwa na wazee. Wengine waliona kwamba ameishusha heshima ya elimu kwa kuimwaga mbele ya watu wasiostahiki. Na alipowakusanya watu wake kusoma Maulidi ya Simtud-Durar, yaliyotungwa na mwanachuoni Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Sayun, wakayasoma kwa matari, wako wanazuoni waliompinga kwa hoja za dini. Katika suala hilo la matari wanazuoni wamekhitalifiana tangu hapo hadi leo, na hapa si pahala pa kuliamua. Sisi tumekuja kuutazama mwenendo wake kwa watu, na juu ya huo hatujasikia khitilafu yoyote.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20 ukasimama hapo Langoni msikiti wa Riyadha. Jina lake ni kwa kuufuata msikiti wa Riyadh wa Sayun, nalo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mabustani. Habib Swaleh alifariki katika miaka ya 1930, na wanawe wakaishika kazi yake baada yake. Wanafunzi waliotoka katika msikiti huo walienea Kenya, Tanzania, Uganda na visiwa vya Komoro, wakafungua madrasa mpaka sehemu za bara zilizo mbali sana na bahari. Na upande ule wa Langoni, ambao watu wa nyumba za mawe walikuwa hawautazami, ukawa ndio upande ambao wageni wa mbali huuliza njia yake mara tu wanapoteremka chomboni.

Nasi pia tuliuliza njia. Tulisali Alasiri pale, tukakaa ndani ya msikiti mpaka Magharibi. Hapakuwa na shughuli yoyote. Wanafunzi walikuwa wameshika misahafu yao, wengine wakihifadhi, wengine wakinong'ona, mmoja akisinzia kama wanafunzi wasinziavyo duniani kote. Tulisikia lafudhi za mahali mbalimbali. Tukakumbuka kwamba hapo palipokuwa na sauti zile, mwanzo wake ni mtu mmoja aliyeamua atakaa wapi na nani.

KWA NINI MWENENDO HUSHINDA MAHUBIRI

Usiku tulikaa barazani tukazungumza. Mmoja wetu akauliza: je, kama Habib Swaleh angebaki Mkomani, akapanda mimbari kila Ijumaa akawahubiria waungwana juu ya ubaya wa kiburi, ingekuwaje?

Sisi twadhani isingekuwa kitu. Khutba juu ya kiburi ina ila moja: kila aisikiaye hudhani kwamba anayesemwa ni mwenziwe. Tajiri hudhani asemwa tajiri mwingine, na mwalimu hudhani asemwa mwalimu mwingine. Lakini darasa ambalo mtoto wa mtumwa ameketi bega kwa bega na mtoto wa muungwana, mbele ya sharifu mmoja, juu ya mkeka mmoja, halina nafasi ya kufasiriwa vingine. Anayelikubali huketi, na anayelikataa huondoka, na kila mmoja hujijua yuko upande gani.

Tena mwenendo una gharama, na maneno hayana. Ulimi hauna mfupa; husema leo hili na kesho lile. Mtu anapopoteza kitu kwa ajili ya jambo analoliamini, kama vile heshima ya wakubwa, au nyumba nzuri, au faida ya biashara, hapo ndipo wanaomtazama hujua kwamba jambo lile lina uzito kwake. Watu wa Langoni hawakuhitaji kuambiwa kwamba wao ni sawa na wengine mbele ya Mwenyezi Mungu. Walimwona mtu aliyeacha mengi ili akae nao, wakaelewa.

Na jambo hili si geni katika dini yetu, ndio mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Katika Sura ya 80, Abasa, Mwenyezi Mungu alimuadibu Mtume Wake mwenyewe kwa sababu alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumai watasilimu, alikunja uso alipojiwa na kipofu maskini, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyetaka kufundishwa. Tangu siku hiyo Mtume alimtukuza kipofu yule, akamfanya mmoja wa waadhini wake, na mara kadhaa alipotoka safarini alimwacha kuwa naibu wake Madina. Yeyote aliyeisoma sura ile kwa moyo hawezi kumshangaa Habib Swaleh kwenda Langoni. Pengine alichofanya ni hicho tu: kuifuata sura ambayo watoto wetu wote wameihifadhi.

Sasa tuirejee Hudaibiya aliyoitaja mwenzetu katika boti. Mwaka wa 6 wa Hijra, sawa na mwaka 628, Mtume (s.a.w.) alitoka na masahaba wake wapata 1,400 kwenda kufanya Umra. Makureshi wakawazuia, ukafanywa mkataba kwamba warudi mwaka ule bila ya kuingia Makka. Masahaba waliona uchungu mkubwa. Mtume akawaamrisha wainuke wachinje wanyama wao na wanyoe. Hakuinuka mtu. Akakariri mara tatu. Hakuinuka mtu, na hao ndio masahaba, watu waliokuwa tayari kufa mbele yake. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama (r.a.) akamweleza. Yule bibi mwenye hekima akampa shauri kwamba atoke, asiseme na mtu hata neno moja, amchinje ngamia wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo. Walipomwona, wote wakainuka, wakachinja, wakanyoana wao kwa wao.

Wasomaji wetu na wazingatie. Ikiwa ulimi wa Mtume, ambao haukusema ila haki, ulihitaji siku moja kufuatwa na kitendo ndipo watu wainuke, ndimi zetu sisi zitatosha vipi? Na shauri lile alilitoa mwanamke, mama wa nyumba. Kwa hiyo elimu hii ya kuongoza kwa vitendo si ya mimbari peke yake, bali ni ya majumbani vilevile. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, katika Vita vya Khandaki, Mtume hakusimama kando akawaonyesha watu pa kuchimba. Alichimba pamoja nao na kubeba udongo mpaka mwili wake ukajaa vumbi. Na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa juu ya tabia ya Mtume, alijibu kwamba tabia yake ilikuwa ni Qur'ani yenyewe.

TAHADHARI MOJA

Iko hatari katika jambo hili, na mwalimu hawezi kulifundisha bila ya kuitaja. Huenda mtu akasikia maneno yetu akasema: vyema, tangu leo nitafanya wema mbele ya watu ili wanifuate. Huyo amekwisha potea njia. Anayefanya wema ili atazamwe hufanya riyaa, na riyaa huila amali kama moto ulavyo kuni. Maneno haya mawili, Riyadha na riyaa, yanakaribiana katika sauti, lakini yako mbali kabisa katika maana: moja ni bustani, na la pili ni kujionyesha.

Habib Swaleh hakuhamia Langoni ili atafutwe na dunia. Langoni haikuwa na mtu wa kumsifu. Alikwenda kwa sababu aliona ndiyo haki, na kufuatwa kulikuja baadaye, miaka mingi, kama zawadi asiyoiomba. Yule nahodha wa Mokowe angelivaa koti lake hata kama angekuwa peke yake. Na kwa hakika, kama asingekuwa mtu wa namna hiyo, abiria wangelijua mara moja. Watu hutambua upesi sana kitendo kilichotendwa kwa ajili ya macho yao. Na wanaotambua upesi kuliko wote ni watoto.

MAJUMBANI MWETU

Basi na tulirejee swali la wazazi. Mtoto hukaa na mwalimu saa mbili au tatu kwa siku, na saa zilizobaki hukaa nyumbani. Chuoni husikia kwamba uongo ni haramu. Jioni mwenye kudai hupiga hodi, na baba humwambia mtoto, "Mwambie sipo." Siku hizi hodi yenyewe huja kwa simu, na mtoto hupewa simu aijibu. Siku hiyo mtoto amesoma masomo mawili juu ya uongo, na somo la pili amelitenda kwa ulimi wake mwenyewe. Msomaji na afikiri ni lipi litakalokaa moyoni.

Imepokewa katika hadithi kwamba mama mmoja alimwita mwanawe mdogo kwa kumwahidi kitu, na Mtume (s.a.w.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kwamba ni tende, Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Tende moja, kwa mtoto asiyejua hesabu! Hivyo ndivyo dini yetu inavyoyapima maneno yetu mbele ya watoto. Na katika Sura ya 61, As-Saff, Mwenyezi Mungu amewakemea walioamini ambao husema wasiyoyatenda, na akalifanya jambo hilo kuwa chukizo kubwa mbele Yake. Wala walimu hatukutolewa katika aya hiyo. Mwalimu anayempiga mtoto kwa kuchelewa, naye mwenyewe hufika jua limepanda, hafundishi kuwahi. Afundishacho ni kwamba mwenye fimbo hasemwi.

Lakini liko jambo zito zaidi, nalo ndilo tulilorudi nalo kutoka Amu, wala hatukuweza kulitua njiani.

Twajisifu kwamba zama za utumwa zimepita, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu. Twamsifu Habib Swaleh kwa kuwafundisha watu ambao mji haukuwafundisha. Sasa na tutazame ndani ya nyumba zetu. Yuko msichana anayetufulia nguo, anayetupikia, anayempeleka mtoto wetu chuoni saa nane na kurudi kumchukua saa kumi. Humshika mtoto mkono mpaka mlangoni, humpa msahafu wake, kisha hugeuka arudi kwenye vyombo. Je, yeye anajua kuusoma msahafu anaoubeba? Nani anamfundisha? Mwenye nyumba husema ni kazi ya wazazi wake walio mbali. Mwalimu husema hakuletewa. Na siku hupita. Watu wa zamani hawakuona ubaya wowote katika kumnyima mtumwa elimu, kwa sababu kila mtu alifanya hivyo, na jambo likifanywa na kila mtu hukoma kuonekana. Tuogope nasi tusiwe na Langoni yetu, isiyo mwendo wa dakika chache, bali iko jikoni mwetu.

Hatusemi haya ili msomaji ayasikie kisha aitikie amin. Twapendekeza jambo dogo liwezalo kutendeka wiki hii. Mwenye nyumba na ampe msichana wake ruhusa ya saa moja kwa siku, si saa ya hisani atakayoidai baadaye, bali saa yake kwa haki yake, aende asome. Kama si Mwislamu, asilazimishwe, kwani hapana kulazimishana katika dini. Saa hiyo na iwe yake ajifunze kusoma na kuandika, au ufundi aupendao. Na sisi walimu tuwawekee darasa lao, bila ada, kwa wakati ambao kazi za nyumba huwa zimepungua. Wala wasikae nyuma ya watoto wa matajiri, bali pamoja nao. Baba na mama wakifanya hivi, hawatahitaji kuwahubiria watoto wao juu ya usawa wa wana wa Adamu. Watoto watakuwa wameuona ukitoka mlangoni na msahafu mkononi.

Vivyo hivyo katika mambo mengine. Anayetaka mwanawe asali kwa wakati, na ainuke yeye kwanza asikiapo adhana, bila ya kelele. Anayetaka mwanawe asisengenye, na anyamaze yeye wengine wasengenyapo. Anayetaka mwanawe awe mkweli, na aende mlangoni mwenyewe akamwambie mwenye deni lake: nipo, sina leo, nipe muda. Ni maneno machungu kuyasema, lakini mtoto aliyesimama nyuma ya pazia akiyasikia mara moja hatayasahau, hata atakapokuwa mtu mzima mwenye madeni yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Swaleh na waalimu wote waliotangulia, wanaojulikana na wasiojulikana, na atujaalie kuyatenda tunayoyasema kabla ya kuyasema. Wabillahi taufiq.